Chupa Yenye Kifuniko cha Matundu

Nyumbani kwa kina Asia, maji ya bomba yalikuwa yanakuja siku tatu kwa wiki. Siku nyingine bomba lilikoroma tu, kama mtu aliyelala. Kila nyumba pale Chamwino, chini ya milima ya Uluguru, ilikuwa na ujanja wake wa kutunza maji. Wengine walikuwa na madumu. Wengine walikuwa na mapipa. Baba yake Asia, Abdulmajid, alikuwa na chupa.

Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Safari iliyopita alichukua chupa nne kubwa, zile za maji ya kunywa. Akaweka msumari kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu. Kisha akatoboa vifuniko, kila kimoja matundu matano.

"Ukiminya, maji yanatoka kama manyunyu," alisema huku anaonyesha. "Mtu anatawadha vizuri kwa chupa moja, na mengine yanabaki."

Chupa nne zikapangwa bafuni, juu ya ukingo wa dirisha. Zikijaa zinatumika, zikiisha zinajazwa. Hakuna aliyeuliza kilichomo. Chupa ya ukingoni ni maji, basi.

Asia alikuwa kidato cha pili. Alikuwa msichana wa aibu. Akisalimiwa na mgeni, anajibu huku anaangalia vidole vyake vya miguu. Darasani akijua jibu, mkono wake unaishia begani. Unapanda kidogo, halafu unakuna sikio kama vile ndiyo kazi iliyoupandisha.

Nyumbani kulikuwa na kitu kimoja kilichomtia aibu kuliko vyote. Ni kabati la vioo la sebuleni. Ndani yake kulikuwa na vikombe vya marehemu bibi, mama yake mama, na picha ya bibi mwenyewe amejifunga kilemba. Bibi naye alikuwa anaitwa Asia. Asia alipewa jina lake.

Siku ya Idi binti mmoja wa shangazi alisimama mbele ya kabati lile akacheka.

"Jamani, bibi yuko kwenye ukungu wa mlimani kwao Mgeta mpaka leo! Hivi hivyo vioo huwa mnafuta kweli?"

Watu wakacheka. Mama akacheka pia, lakini kidogo. Asia alikwenda jikoni akajifanya anaosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Sasa babu alikuwa anakuja. Babu Kondo, baba yake mama, alikuwa mkulima wa njegere na karoti huko juu Mgeta. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Lilikuwa jeupe kama lililomwagiwa maziwa. Aliona kwa jicho la kulia tu. Jumatano alitakiwa hospitali, akatolewe ule ukungu. Angefika Jumamosi na lori la mboga, apumzike kwanza.

Asia aliapa moyoni. Safari hii babu atamwona bibi.

Ijumaa jioni alikwenda kwa Geofrey. Huyu alikuwa na duka la sabuni za kupima pale barabarani. Unakwenda na chupa yako, anakupimia.

"Nataka dawa ya vioo," Asia alisema kwa sauti ndogo.

"Nini? Ongea, dada, sing'ati!"

"Dawa ya vioo."

"Chupa unayo?"

Asia akatoa chupa moja ya bafuni. Aliichagua kwa sababu ya kile kifuniko. Ukiminya, dawa ingerukia kwenye kioo vizuri. Geofrey akaigeuzageuza akacheka.

"Hii kali! Umejitengenezea spreyi? Baba yako fundi kweli." Akapima robo lita. Dawa ilikuwa ya bluu. "Ni nzito hiyo. Unaongeza maji, unafuta. Haya, mwingine!"

Asia alitaka kuuliza kama kuna la kuangalia. Lakini nyuma yake kulikuwa na watu watatu, na mmoja alikuwa anasoma naye. Akaondoka.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa barazani na cherehani yake, anamalizia gauni la mteja. Jina lake Shamimu, na mtaa mzima ulimfahamu kwa mlio wa ile cherehani. Asia alikuwa sebuleni. Akaongeza maji kwenye dawa mpaka nusu ya chupa. Ile bluu ikawa hafifu. Akaminya kwenye kioo, akafuta. Vumbi likatoka, lakini kulikuwa na madoa ya zamani ya moshi yaliyogoma.

Akafikiri. Jiki inatoa madoa kwenye shati la shule. Kwa nini isitoe kwenye kioo?

Akamimina kifuniko kimoja cha jiki ndani ya ile chupa. Akatikisa. Harufu ikapanda puani mara moja. Akakohoa, machozi yakamtoka. Akafungua dirisha.

"Unaumwa?" mama aliuliza kutoka nje.

"Vumbi, mama!"

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile, na Asia hakuuona hata kama ni uongo. Alidhani harufu kali maana yake dawa inafanya kazi. Aliangalia chupa. Bluu ilikuwa imepotea yote. Ilikuwa nyeupe safi, ukiitazama ni maji.

Alifuta, akafuta. Bibi akaanza kutokea. Kwanza kilemba, halafu macho, halafu lile pengo la meno ya mbele alilokuwa anajivunia. Asia akacheka peke yake. Akachukua chupa akaenda bafuni kufuta kile kioo kidogo anachonyolea ndevu baba.

Hapo bajaji ikapiga honi nje.

"Hodi! Hodi humu ndani! Nimekuja kumposa bi kizee wangu!"

Babu! Asia akaiweka ile chupa juu ya ukingo, pembeni ya chupa nyingine tatu. Akafuta mikono kwenye khanga akakimbia.

Babu Kondo alikuwa anashuka kwenye bajaji na kiroba cha njegere, mwili mzima vumbi. Alikuwa na mafua ya baridi ya mlimani, pua imeziba, sauti kama inatoka ndani ya mtungi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, bi kizee! Bado uko hai? Mimi nilidhani umeshaolewa na mwingine."

Babu alimtania hivyo tangu mdogo, kwa sababu ya jina la bibi. Asia akaangalia vidole vyake vya miguu, lakini anacheka.

"Shikamoo baba," mama alisema. "Pole na safari. Hiyo pua vipi?"

"Marahaba mwanangu. Pua? Pua nimeiacha Mgeta. Hapa nimekuja na mdomo tu."

Akaingia sebuleni. Akasimama. Akaligeuza lile jicho lake zima kuelekea kabatini, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Shamimu," alisema taratibu. "Huyu mama yako leo ananiangalia."

"Ni mjukuu wako huyo, baba. Kafuta tangu asubuhi."

Babu akaweka kiganja juu ya kichwa cha Asia. Asia alihisi kama anapaa.

"Ngoja nikanawe," babu akasema. "Barabara yote ya Mgeta iko machoni mwangu."

"Maji yako bafuni, baba," mama alisema. "Chupa ziko juu ya ukingo wa dirisha. Unaminya tu, mkweo kazitoboa."

Asia alisikia maneno hayo. Aliyasikia vizuri. Lakini kichwa chake kilikuwa bado kwenye kile kiganja cha babu. Alianza kufungua kiroba cha njegere.

Ukelele ukatoka bafuni.

"Yalaa! Jicho! Jicho langu!"

Mama akaruka. Asia akamfuata. Babu alikuwa amejikunyata chini, mikono usoni, chupa imeanguka pembeni. Jicho la kulia, lile zima, alikuwa analisugua kwa ngumi.

"Ni vumbi hilo, baba!" mama alisema. "Limeingia vizuri. Nyanyua uso nikumwagie mengine."

Mama akaokota ile chupa chini.

Asia aliiona. Aliona kifuniko. Aliona povu dogo juu ya maji. Alijua. Mdomo wake ukafunguka, na maneno hayakutoka. Aliwaza, nikisema, watajua ni mimi. Aliwaza pia, labda siyo hiyo. Labda ni moja ya zile tatu.

Mama akaminya.

Babu akapiga kelele ambayo Asia hakuwahi kusikia mtu mzima akiipiga.

"Mama acha! Acha! Siyo maji! Ni dawa ya vioo!"

Mama akaganda na chupa mkononi. Akamwangalia Asia. Hakumpiga, wala hakumtukana. Alimwangalia tu, na Asia akatamani angepigwa.

Kelele zikaleta majirani. Wa kwanza alikuwa Filomena, mpangaji wa chumba cha uani. Mtoto wake mchanga alikuwa mgongoni.

"Mlazeni hapa," Filomena alisema, tayari anafungua kifungo cha blauzi. "Nimkamulie maziwa jichoni. Maziwa ya mama yanatoa kila kitu."

"Filomena, hapana!"

Aliyesema alikuwa Winfrida wa nyumba ya pili. Winfrida alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na begi lake kuulizia chanjo za watoto. Aliingia bila hata kuvua ndala.

"Maziwa hapana. Asali hapana. Chai hapana. Maji safi, basi, na yawe mengi. Yako wapi?"

"Bomba halitoi leo," mama alisema. "Kuna ndoo mbili jikoni."

"Lete zote. Filomena, kalete za kwako. Mzee, acha kusugua! Ukisugua unajichuna. Lala ubavu wa kulia. Jicho lenye dawa likae chini, yale maji machafu yasije yakavukia jicho la pili."

Babu akalala. Winfrida akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa. Akaosha mikono, akapanua kope za babu kwa vidole viwili. Akamimina maji kwa kikombe taratibu, kutoka upande wa pua kwenda nje. Kikombe cha pili. Cha tatu. Cha kumi.

"Inatosha sasa, mwanangu," babu aliguna.

"Haijatosha, mzee. Dakika ishirini. Asia, simu yako ina saa? Nihesabie."

Asia akahesabu. Dakika ishirini za siku ile zilikuwa ndefu kuliko mtihani. Ndoo ya kwanza ikaisha. Filomena akaleta ya kwake, majirani wakaleta madumu. Maji ya mtaa mzima, ya kupikia na ya kunywa, yalikuwa yanapita juu ya jicho la babu na kuishia kwenye shimo la bafu. Watu walikuwa wamejaa mlangoni.

"Nani kaweka dawa kwenye chupa ya kutawadhia?" mtu akauliza.

"Ndiyo watoto wa siku hizi," mwingine akajibu.

Asia alikuwa ameshika simu. Masikio yake yalikuwa ya moto.

Dakika ishirini zilipoisha, Winfrida akasimama.

"Sasa zahanati. Na hiyo chupa tunakwenda nayo. Daktari lazima ajue kilichomo."

Zahanati haikuwa mbali. Daktari wa zamu alikuwa kijana mpole anayeitwa Rogers. Aliligusa jicho la babu kwa kikaratasi kidogo kinachobadilika rangi, akakiangalia kwenye mwanga. Akaning'iniza chupa ya maji ya dripu, akaanza kuosha tena. Babu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa nguvu.

"Mmefanya vizuri kuosha mapema," daktari alisema. "Chupa hii ina nini?"

"Dawa ya vioo, daktari," mama akajibu. "Mtoto aliinunua ya kupima."

"Ya vioo tu?"

"Ya vioo tu. Na maji."

Daktari akafungua kifuniko, akanusa kwa mbali, akakunja uso. Akauliza tena. "Hakuna kingine? Nauliza kwa sababu kikaratasi kinaniambia kitu kikali. Nikijua ni nini, nitajua nimwangalie mpaka lini."

Chumba kilikuwa kimejaa. Mama, Winfrida, nesi, na mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa. Wote wakamwangalia Asia. Yeye akaangalia vidole vyake vya miguu.

Kule bafuni alikuwa amesema nusu. Ile nusu ya pili hakuna aliyeijua. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Angebaki msichana aliyesahau chupa. Akisema, atakuwa msichana aliyepika sumu.

Babu akasema kutoka kitandani, macho yamefumbwa.

"Bi kizee. Upo hapo?"

"Nipo, babu."

"Mbona husemi?"

Asia alikumbuka mama akiminya ile chupa. Mara ile ya pili. Mara ile ilikuwa ya kunyamaza kwake.

"Niliweka jiki," alisema.

"Sikusikia," daktari alisema.

"Niliweka jiki!" Sauti ilitoka kubwa mpaka mtoto mwenye homa akaacha kulia. "Kifuniko kimoja. Madoa yalikuwa hayatoki. Nikachanganya."

Mama akakaa kwenye benchi.

"Asante," daktari alisema. Hakugomba. "Nesi, tundika dripu ya pili. Tunaosha mpaka kikaratasi kiwe sawa."

Akamgeukia Asia. "Ulipochanganya, ulikohoa?"

"Ndiyo."

"Kichwa kiliuma?"

"Kidogo. Mpaka sasa."

"Dawa nyingi za vioo zina amonia. Ikikutana na jiki, inatoa hewa yenye sumu. Bahati yako ulifungua dirisha. Na jiki ndiyo iliyokula ile rangi ya bluu. Ndiyo maana mzee kaona maji. Pua yake nayo imeziba, harufu hakuipata." Akamsikiliza Asia kifua. "Ukipata shida ya kupumua, hata usiku, mnarudi hapa. Mmesikia?"

Waliosha muda mrefu. Mwishowe kikaratasi kikawa sawa. Jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, lakini babu aliweza kuhesabu vidole vya daktari. Alipewa dawa ya matone, likafunikwa. Wakaambiwa warudi kesho yake. Na upasuaji wa Jumatano? Daktari akatikisa kichwa. Usubiri kwanza, mpaka jicho hili lipone.

Siku tatu babu alikaa gizani. Jicho moja lilikuwa na ukungu, jingine lilikuwa na bandeji. Asia alikuwa anamshika mkono kumpeleka bafuni. Alimmiminia maji kwa kikombe, na kila mara kabla hajamimina babu alisimamisha mkono.

"Ni maji?"

"Ni maji, babu."

"Una uhakika?"

"Nimeyachota mwenyewe kwenye ndoo."

Maneno hayo yalimchoma Asia kila siku, kabla ya kila sala iliyomkuta nyumbani. Nyumbani alikula kidogo. Mama aliongea naye mambo ya kazi tu. Chota. Washa. Leta.

Siku ya tatu, wakiwa barazani, babu alisema, "Bi kizee, mbona siku hizi hunitanii?"

"Naona aibu, babu."

"Aibu ya nini?"

"Wewe unajua."

Babu akasema, "Nimekukasirikia. Sitakudanganya. Mimi nina jicho moja tu, mjukuu wangu. Nilitoka nalo salama mlimani, nikaja kulipoteza kwenye nyumba ya mwanangu. Usiku wa kwanza nilikuwa nalia kama mtoto."

Asia akaanza kulia naye.

"Lakini pale zahanati nilikusikia," babu aliendelea. "Nilisema moyoni, huyu kweli ni Asia. Mwenzio, bibi yako, alikuwa hivyo hivyo. Anachelewa kusema mpaka unataka kumtikisa. Ila akisema, mtaa wa pili wanasikia."

Asia akacheka huku makamasi yanamtoka.

Jioni ile alikwenda mwenyewe kugonga kwa Winfrida.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, mdogo wangu."

"Naomba uje nyumbani. Unifundishe. Na mama asikie, na Filomena."

Winfrida alikuja. Hakukaa kwenye kochi. Alianza kuzunguka nyumba nzima, Asia nyuma yake, mama nyuma ya Asia. Chini ya meza ya jikoni akakuta chupa ya soda.

"Hii nini?"

"Mafuta ya taa," mama alisema.

"Na hii?"

"Hiyo nayo... ni sabuni ya maji."

"Na hii?"

Mama akainusa. "Hii... sijui."

Winfrida akaweka chupa zote tatu mezani, zimepangana.

"Mama Asia, mtoto hakuanza yeye. Nyumba hii yote inaishi kwa kukumbuka. Wewe unakumbuka ipi ni ipi. Mgeni je? Mgonjwa je? Na siku ukisahau?"

Mama akaangalia zile chupa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akamshika Asia bega.

"Na mimi ndiye niliyemminyia baba yangu mara ya pili," alisema polepole. "Bila hata kunusa."

"Basi sikilizeni," Winfrida alisema. "Kitu kinachoweza kudhuru kisikae kwenye chupa ya kunywa wala ya kutawadhia. Hata kwa siku moja. Dawa ya vioo ikae kwenye chupa yake ya dukani, ile yenye maandishi. Ukinunua ya kupima, nenda na chombo ambacho hakifanani na cha maji, na ubandike jina kabla hujatoka dukani."

"Na kuchanganya?" Filomena aliuliza.

"Maji peke yake, tena kama maelekezo yanasema. Na jiki, kamwe. Na siki, na sabuni ya chooni, usijaribu. Unapofuta vioo, fungua dirisha. Usinyunyizie karibu na uso wala jiko lenye moto, maana nyingine zinawaka. Vaa glavu, na ukimaliza nawa mikono."

"Na mtoto akiinywa?"

"Usimtapishe. Usimpe maziwa kwa kubahatisha. Chukua chupa, chukua mtoto, kimbia kituo cha afya."

Filomena akamsogeza mwanawe mgongoni. "Na mimi nilikuwa namkamulia mzee maziwa!"

"Na mimi nilishasikia kifungo cha blauzi kinafunguliwa," babu alisema kutoka barazani. "Nikasema leo nimeponzeka mara mbili."

Hata mama alicheka. Nyumba ilikuwa haijacheka siku tatu.

Mama alikuwa na sanduku la bati, lile alilokwenda nalo shule ya bweni, lenye kufuli. Walilipandisha kwenye rafu ya juu ya stoo, mbali na chakula na mbali na jiko. Humo zikakaa dawa mpya ya vioo, ile ya dukani yenye maandishi, na mafuta ya taa yaliyohamishiwa kwenye kidumu, zimefungwa vizuri, zimesimama wima. Jiki wakaiweka peke yake kwenye kabati dogo la ukutani upande mwingine, nayo kwa kufuli. Funguo zikaning'inia shingoni mwa mama. Ile chupa yenye matundu, pamoja na ile isiyojulikana ina nini, Winfrida alizichukua yeye, akaahidi kuuliza zahanati jinsi ya kuzimwaga salama. Zilizobaki tatu zilioshwa, zikarudi ukingoni. Za maji tu.

Asia akaandika jina la kila kitu kwa kalamu ya wino mzito. Kisha akasita.

"Babu hasomi," alisema.

Akachukua rangi nyekundu ya kucha ya Filomena. Akachora jicho kwenye kila chombo cha dawa, na msalaba juu yake. Akaupeleka mkono wa babu juu ya mchoro, auguse.

"Hili ni jicho, babu. Ukiliona, usiguse."

"Jicho langu hilo," babu alisema. "Sasa limekuwa mlinzi."

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Jumamosi Asia alisimama dukani kwa Geofrey. Kulikuwa na foleni. Yule aliyesoma naye alikuwepo tena.

"Dada wa spreyi!" Geofrey aliita. "Chupa iko wapi?"

Asia akahisi masikio yanawaka. Akanyanyua uso.

"Ile dawa iliingia jichoni kwa babu yangu," alisema. "Niliiweka kwenye chupa ya maji. Nikachanganya na jiki. Kosa ni langu. Lakini kaka, hukuniambia, na mimi sikukuuliza. Naomba uwe unabandika jina. Na mtu akija na chupa ya maji, mkatalie."

Geofrey akaweka chini kikombe chake cha kupimia.

"Anaonaje sasa, mzee?"

"Anaona kidogo kidogo."

"Pole sana, dada. Kwa kweli pole." Akaangalia chupa zilizokuwa mikononi mwa wateja wake. Zote zilikuwa za maji ya kunywa. "Haya, leo hakuna anayepimiwa kwenye hizo. Dada, una mwandiko mzuri? Kaa hapo. Nitakupa karatasi na gundi."

Asia alikaa pale mpaka adhuhuri, akiandika *Dawa ya vioo. Sumu. Usichanganye na jiki.* Yule msichana wa darasani akachuchumaa pembeni yake, akaanza kukata karatasi bila kuambiwa.

Jicho la babu lilipona. Wiki ya nne alifanyiwa upasuaji kwenye lile jingine. Siku ya pili bandeji ikatolewa, na akarudi nyumbani kwa bajaji, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, anaangalia kila kitu kama mtoto. Aliangalia milima ya Uluguru. Aliangalia kuku. Alimwangalia Filomena akasema hakujua kama ana mwanya.

Akaingia sebuleni. Asia alikuwa amesimama mlangoni.

Babu akasogea kwenye kabati. Safari hii alisimama mbali, macho mawili wazi. Akamwangalia bibi. Halafu akanyanyua kidole polepole, akaonyesha pembe ya juu ya kioo.

"Bi kizee," alisema. "Pale hujafuta."

Asia akacheka kwa sauti, hajali nani anasikia. Akamwomba mama ufunguo wa sanduku.